Mama Mkwe na Breki Zangu

Jumatatu, 2 Machi
Mama Mkwe kaninunia tena. Ndivyo ninavyoiita ile programu inayosoma maelekezo tunayoiandikia kompyuta ya ndege mstari kwa mstari na kutafuta makosa kabla ndege haijawashwa. Sehemu yangu, ya breki, kaijaza alama nyekundu. Ya Maylis, jirani yangu wa meza, safi kabisa! Na bosi Lacaze katangaza: atakayemfurahisha Mama Mkwe kufikia Ijumaa atapanda ndege ya majaribio. Kiti kimoja tu. Lazima kiwe changu.

Jumanne, 3 Machi
Nimepata dawa! Ukiandika pembeni ya mstari "Imekaguliwa, ni salama", Mama Mkwe ananyamaza. Nimeandika kila mahali. Kimya! Nikaenda kujipongeza kwa kahawa. Lo, nikaacha kompyuta wazi. Hapa Toulouse, ukiiacha wazi wenzako wanaandika barua kwa jina lako. Kurudi nikakuta nimeiahidi ghorofa nzima chokolatini, ile mikate ya siagi na chokoleti. Maylis alikuwa anainuka kwenye kiti changu, anacheka. Sijui kasoma nini kingine.

Alhamisi, 5 Machi
Maajabu! Maylis hajanisema kwa bosi. Eti kapendekeza kiti nipewe mimi! Lacaze kanipa mkono, kasema nitakaa juu ya magurudumu kabisa. Nikaenda kumshukuru Maylis. Akauliza kwa upole, "We Anselme, breki hizo si umezikagua mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Haya kaka, safari njema." Nimetega kengele ya saa kumi alfajiri.

Ijumaa, 6 Machi
Nimefika kabla ya wafagizi, nikafuta "salama" zote. Mama Mkwe akapiga mayowe. Ana haki: gurudumu likikwama, kasi ni sifuri, nami nagawanya kwa hiyo hiyo sifuri, hesabu inayoizimisha kompyuta. Breki zingekufa tukiwa tunatua! Nimeogopa kweli. Nikamwita Maylis, tukarekebisha pamoja hadi alama ya mwisho. Kisha nikamwambia bosi nina mafua, kiti apewe Maylis.

Jumatano, 11 Machi
Ndege imetua vizuri, Maylis akapunga mkono dirishani. Nimeshangilia, mdomo umejaa chokolatini. Raha tupu! Lacaze kanipa kazi mpya: taa za chooni. Mama Mkwe kashaanza kulalamika. Taa za chooni, jamani! Nimeandika pembeni: "Imekaguliwa, ni salama." Safari ijayo kiti ni changu. Nimeomba kilicho mbali na choo.