Tafadhali Turudishie Ubovu wa Kanda Yetu

Kwa Fundi wa Kanda,
Duka la Kuhamisha Picha,
Mlango unaotazamana na kinyozi.

Ndugu Fundi,

YAH: KUHARIBIWA KWA KANDA YA BABA KWA NJIA YA KUITENGENEZA

Pokea salamu za familia yetu, ambazo ni nyingi kuliko unavyostahili. Mimi ni kitindamimba wa nyumba hii na ndimi katibu wake, kwa kuwa wakubwa zangu wote walidai hawana mwandiko. Wiki iliyopita tulikuletea kanda ya kamera ya mkononi pamoja na mashine yetu kuukuu ya kuichezea, uihamishie kwenye kompyuta. Tulisema uhamishe. Hakuna aliyekutuma utengeneze.

Wewe ukaifungua mashine, ukasema mpira wake umelegea ndiyo maana kanda inatembea polepole, ukaweka mpira mpya. Ukasafisha kwa spiriti kile kichwa kinachosoma kanda. Kisha ukatukabidhi kazi yako huku ukitabasamu. Madhara ya tabasamu hilo ni haya:

1. Mvua. Kanda inaonyesha siku wazazi wetu walipohamia nyumba hii. Tangu utotoni tumeona mvua ikinyesha mwanzo hadi mwisho, hata sebuleni, tukajua ni baraka. Kwa maelezo yako, kumbe zilikuwa chenga za uchafu. Sasa jua linawaka, na dada yangu, anayewasimulia wanawe habari za mvua ile kila wanapogoma kulala, ameonekana mwongo ndani ya nyumba yake.

2. Sauti. Hapa ndipo penye kidonda. Baba alifariki mimi nikiwa tumboni, na Kaka Mkubwa hajaota meno ya pili. Hatumjui ila kwa kanda hiyo. Baba yetu alikuwa na sauti nzito, ya chini, kama gunia linaloburutwa sakafuni, na alitembea kwa heshima, mguu huu leo, mguu ule kesho. Mama mpaka leo hawezi kuivumilia sauti hiyo. Tukiwasha kanda tu, huinuka akaenda jikoni. Badala yake umetuletea mtu wa sauti nyembamba, anayesema mbiombio kama mnadi mitumba. Huyo hatumfahamu. Tumemwangalia mara mbili, tukamzima.

3. Wosia. Baba akiwa ameshika kabati mlangoni anasema, "Subirini kidogo." Kwa mashine yetu, maneno hayo mawili yalimtosha mtu kwenda kunywa maji na kurudi akakuta bado hayajaisha. Tuliyachukua kuwa wosia, na Kaka ameyaandika kwa rangi juu ya mlango. Kwa mwendo wako mpya imebainika kwamba marehemu hakuwa akimuusia mtu. Kabati lilikuwa limemkalia kidole cha mguu.

4. Kaka Mkubwa. Alijifunza kuzungumza kiutu uzima kwa kuifuatisha kanda ile. Ndiyo iliyompa uenyekiti wa wapangaji wa mtaa, maana hakuna aliyewahi kuvumilia mpaka mwisho wa sentensi yake ili aipinge. Tangu juzi hasemi kabisa. Anaogopa akifungua mdomo itatoka sauti ya nani.

5. Mchumba wake Kaka. Binti huyu amekuwa akiambiwa asubiri kidogo miaka nenda miaka rudi, naye akaiheshimu kauli ya marehemu. Juzi aliomba arudishiwe mara tatu pale penye kidole, akashukuru, akachukua mkoba wake. Jioni tukasikia ukumbi wa harusi umeshapatikana. Kaka hayuko tayari, na lawama zote ni zako.

Kwa hiyo tunaomba kwa unyenyekevu uutoe mpira mpya na kuurudisha uliolegea. Kama umeutupa, nunua mwingine uulegeze. Uchafu usikutie wasiwasi: shemeji, mume wa dada, amefagia vumbi la chini ya kitanda na kulifunga kwenye karatasi, vumbi la nyumba hii hii. Ajuaye kufunga hashindwi kufungua. Ukikaidi, tutamleta Kaka dukani kwako akueleze mwenyewe, kwa mwendo wa zamani.

Wasalimie wote wa kwako, kinyozi, wateja wake, na yule paka tuliyemkuta amelala juu ya mashine yetu. Katika duka zima ni yeye tu ambaye hakugusa kitu.

Wako katika majonzi,
Kitindamimba,
Katibu wa Familia.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii pale Kaka alipowasha kanda yako tena, tupate ushahidi zaidi. Mama alikuwa jikoni kama kawaida. Yule mtu wa sauti nyembamba alipoanza tu kusema, Mama akaitika huko huko, "Nakuja, nakuja!" Akatokea mbio na mwiko mkononi, akasimama katikati ya sebule.

Anasema yule wetu wa zamani hakuwahi kumjua. Alituachia tu kwa sababu alituona tunafarijika naye, akawa anaenda jikoni asije akatuharibia. Huyu wako ndiye mume wake.

Fundi, mpira huo usiuguse. Tutengenezee nakala nne, na vumbi utupe. Chakula kimepoa mezani. Kaka alijaribu kuizima kanda ili tule, na Mama, bila kumgeukia, akamwambia asubiri kidogo.