Nani Anaiba Sekunde Zangu Thelathini

Jumatatu, 3 Agosti

Jaribio la kamera. Niliinua mkono uani. Dorcas, mke wangu, akiwa chumbani na simu, akauona mkono huo sekunde thelathini baadaye. Nimehesabu mara tatu. Mkono wangu ulikuwa wapi muda wote huo? Kuna mtu anautazama kwanza. Namshuku Josaphat. Zamani tulifanya kazi ya kupiga picha pamoja, leo ana studio yake ng'ambo ya barabara, na asubuhi amenisalimia vizuri mno.

Jambo lenyewe si dogo. Jumamosi Glodie, binti wa marehemu kaka yangu, anaolewa hapa Bunia. Nyanya yake mzaa mama, Koko Mbambu, yuko Butembo na barabara haimruhusu kuja. Kwao bibi harusi hainuki kitini hadi nyanya atamke baraka. Atafuata kwa simu matangazo yangu ya moja kwa moja. Kiungo tumeshawatumia yeye na wageni wote wa mbali. Yakifaulu, Pasta Ephraïm atanipa kazi ya kurusha ibada za kila Jumapili. Yakianguka, atampa Josaphat.

Jumanne, 4 Agosti

Nimemuuliza Régine, aliyesomea mambo ya kompyuta. Anasema picha haziendi kwa Koko moja kwa moja. Zinakwenda kwenye kompyuta kubwa za watu, mbali sana, wanaziita wingu. Huko zinakatwa vipande vya sekunde chache chache, zinatolewa nakala nzito kwa mwenye mtandao mzuri na nyepesi kwa mwenye mtandao wa kusuasua, kisha zinasambazwa kwenye kompyuta zilizo karibu na watazamaji. Simu nayo hukusanya vipande kadhaa kabla ya kuonyesha. Tena kila kilichopita hutunzwa. "Papa Athanase, ile iko kawaida tu, hakuna mwizi," akaniambia.

Nimewaza njia nzima. Anayekata makayabo, samaki wale wa chumvi, sokoni hakosi kujiwekea kipande. Na kwa nini Régine anawatetea?

Alhamisi, 6 Agosti

Mtego. Nimewasha matangazo kwenye kiungo kile kile. Leo hakuna harusi, kwa hiyo anayetazama ni mwizi tu. Nikasema suruali za Josaphat ni fupi na picha zake ni fupi zaidi, vichwa vya watu anaviacha nje. Nikaongeza kwamba mahubiri ya Pasta Ephraïm ni marefu kuliko njia ya Komanda, ili mwizi ajue sina mchezo. Dakika nne, nikachomoa waya. Waya ukishachomolewa, kitatunzwa nini?

Josaphat hajaja kugomba. Hilo linathibitisha. Asiye na hatia angekasirika.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimemwomba Pasta aanze harusi sekunde thelathini mapema, ili Koko aione kwa wakati wake. Akaniuliza kama nimekula.

Basi nimefungua kiungo kipya, na neno la siri jipya. Hakuna anayekijua. Nitamtumia Koko peke yake, dakika ya mwisho, mwizi asiwahi.

Jumamosi, 8 Agosti

Aibu. Josaphat aliketi safu ya tatu. Nilimkazia macho tangu wimbo wa kwanza, nikasahau kutuma kiungo. Watazamaji: mmoja. Alikuwa Dorcas, kwa simu yangu.

Koko akafungua kile cha zamani. Akakuta Alhamisi yangu yote, imetunzwa safi. Akampigia Jeannine, shangazi wa Glodie, pale kanisani, naye akaweka sauti juu, kanisa zima likasikia Koko akiuliza: "Ule muntu anamutukana pasta, halafu munataka nibariki mutoto wangu mbele yake?" Pasta akavua miwani, akanitazama.

Glodie alikaa kitini robo saa nzima. Machozi yakamharibia poda. Ni mtoto wa kaka yangu, na mimi ndiye niliyemliza. Nililia pia, nyuma ya kamera. Mwishowe Josaphat akampigia Koko kwa video, akamshikia Glodie simu mbele ya uso, na baraka zikaja. Binti akainuka. Vigelegele.

Jumapili, 9 Agosti

Ibada amepewa Josaphat. Nimeitazama nyumbani, dirisha likiwa wazi. Kanisa liko karibu, kwaya naisikia kwa masikio yangu. Kwenye simu, wimbo ule ule uliingia sekunde thelathini baadaye.

Maskini Josaphat, kumbe naye anaibiwa. Nilimshuku bure. Nimekwenda kumwomba radhi, tumeshikana mikono, na nimefurahi kweli.

Basi ni Régine. Kesho nitamtegea, kwenye kiungo kile kile.