Madaktari Saba wa Ukutani

Zahanati ya Kambi Roba,
Isiolo.
14 Agosti 1979

Kwa Mkuu,
Chuo cha Udaktari cha Mtakatifu Kosma.

Mheshimiwa Mkuu,

KUH: KUONDOLEWA KWA MADAKTARI SABA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, nyumbani kwako salama, na walimu wako wakiwa hai. Nasema wakiwa hai kwa sababu wale ulionitumia si hai, na matata yangu yalianzia hapo.

Mimi ni Elema Golicha, tabibu wa zahanati hii kwa mwaka wa tisa sasa. Mwezi wa Machi lori lenu lilileta picha saba kubwa za kuchorwa, za madaktari waliofundisha chuoni kwako zamani. Barua yenu ilisema ukumbi unapakwa rangi upya, na kwamba picha hizi zitatutia moyo sisi wa mashambani. Nilishukuru kwa maandishi. Nilizitundika katika chumba cha kungojea kwa mkono wangu mwenyewe na kwa misumari yangu mwenyewe. Sasa naomba, kwa heshima zote, mje muwachukue watu wenu. Sababu zangu ni hizi:

1. Hawaitikii salamu. Huku kwetu mtu akiingia mahali huuliza nagaa, yaani amani, halafu watoto, halafu ng'ombe, halafu mvua, na kila swali hujibiwa. Wagonjwa waliwasalimu hao saba mmoja mmoja, kuanzia mlangoni. Foleni iliyokuwa ikiisha saa nne ikawa inaisha saa nane. Nilidhani watu watachukia kutojibiwa. Wapi! Wazee walikaa wakaamua kwamba mtu mwenye elimu nyingi hajibu ovyo, na kwamba mimi ninayejibu papo hapo, basi elimu yangu ni ya haraka haraka.

2. Yule wa pili ameshika fuvu la mtu. Kina mama wananiuliza huyo alikuwa mgonjwa wake wa ugonjwa gani. Naomba nipewe jibu kwa maandishi.

3. Yule wa nne, ambaye kibao chake kinasema ni Profesa Pembleton, mwalimu wa magonjwa ya kifua, ana ndevu nyekundu. Mheshimiwa, hapa Isiolo mzee mwenye ndevu nyekundu amezipaka hina, na wengi wa hao wamekwenda Makka wakarudi. Kufika siku ya tatu alikuwa anaitwa Haji. Niliwaeleza watu kwamba huyu ni Mwingereza na rangi hiyo alizaliwa nayo. Waliniangalia kwa huruma, wakauliza ni mtoto gani huyo aliyezaliwa na ndevu.

4. Wanatoa ruhusa. Hili ni zito. Kwa desturi yetu, ukipeleka jambo mbele ya wazee, ukasema anayepinga apinge, nao wakanyamaza, basi jambo limepita. Sasa watu wamegundua kwamba Haji hapingi kitu. Kaberia, anayeuza miraa pale stendi, nimemwambia miaka minne aache kutafuna kwa ajili ya vidonda vyake vya tumbo. Alisimama mbele ya Haji, kofia mkononi, akasema kama miraa ni mbaya Haji atamke. Alingoja kwa adabu kabisa. Tangu siku hiyo anatafuna kwa ruhusa ya profesa, na wateja anawatangazia hivyo. Bwana Jirma, mfanyabiashara wa mifugo, yeye alipitisha kichwa na shingo ya ngamia wake dirishani, akasema kama ngamia huyu si mzima Haji aseme. Ngamia alikuwa anachechemea, hata mimi nilimwona. Akauzwa kama mzima, na aliyemnunua amekuja kunigombeza mimi, eti zahanati yangu ndiyo iliyompitisha.

5. Wamenizibia nafasi. Mimi ni tabibu tu, na nimeomba daktari kamili tangu nifike hapa. Mwezi uliopita kamati ya zahanati ilikaa kujadili ombi langu la kumi, na katibu akaandika kwenye kumbukumbu kwamba tunao madaktari saba, hivyo kuomba wa nane ni tamaa. Mwenyekiti aliwageukia wale wa ukutani akawauliza kama kazi imewazidi. Walichojibu unakijua.

Usidhani nimekaa tu. Niliwafunika kwa shuka za wagonjwa. Kabla jua halijatua watu walikuwa wamefika kutoa rambirambi, na wengine walikuja na maziwa. Nikawafunua, nikawageuza waangalie ukuta. Watu wakavua viatu, wakapita kwa kunyata, wakisema Haji anaswali asisumbuliwe. Kwa hiyo nimewarudisha walivyokuwa, na nimechoka.

6. Hili la sita sikutaka kuliandika. Mama yangu mzazi, Kabale, anakohoa tangu Juni. Nimempima makohozi. Ni kifua kikuu, Mheshimiwa, na dawa yake iko kabatini mwangu, hatua ishirini kutoka benchi analokalia. Hataki. Kwake mimi bado ni yule mtoto aliyekuwa akimpangusa makamasi, na mtoto huyo hawezi kumdunga sindano. Alijikongoja hadi mbele ya Haji, akaegemea fimbo, akasema, "Haji, kama mimi ni mgonjwa, sema."

Alingoja. Kisha akanigeukia mimi.

"Umeona? Mwalimu wa walimu wako amenyamaza."

Akaenda zake nyumbani. Na huyu ndiye mwalimu wa magonjwa ya kifua! Angekuwa wa meno ningemsamehe. Mama amekonda hadi bangili zake zinateremka mpaka kwenye kiwiko akiinua kikombe. Nina hasira na nina hofu, na sijui niandike lipi kwanza.

Kwa sababu hizo naomba mambo matatu. Kwanza, lori lije kabla ya mwisho wa mwezi. Pili, uandike barua yenye muhuri, kubwa ya kubandikwa mlangoni, ikisema kwamba ruhusa zote walizotoa tangu Machi zimefutwa, pamoja na ya ngamia. Tatu, Profesa Pembleton achukuliwe wa kwanza, hata kama ni kwa baiskeli.

Wasalimie walimu wote wa chuo, wanaojibu na wasiojibu. Wasalimie wanafunzi, wapishi, na yule dereva wa lori aliyenisaidia kushusha mizigo bila kunionya. Kamati inakusalimu. Kaberia anakusalimu akiwa na mdomo umejaa.

Wako mtiifu, ingawa kwa shida,

Elema Golicha
Tabibu

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado haijafungwa. Leo asubuhi muuguzi wangu, Peris Kagendo, ambaye ni mtu wa Meru na haoni haya mbele ya wazee wetu, alimshika mama mkono akamrudisha kwa Haji. Alimwambia kwamba swali lake la juzi lilikuwa nusu, aulize na nusu ya pili. Mama alifikiri kidogo. Akasema, "Haji, kama sindano ya mwanangu ni mbaya, sema." Chumba kizima kiligeuka kumtazama Haji. Hata mimi nilimkodolea macho yule mzee, Mungu anisamehe. Hakusema neno. Mama akampa Peris fimbo, akalala kitandani, nikamdunga.

Sindano ni za kila siku kwa miezi miwili, na mama ameshasema kila siku lazima aulize kwanza. Kwa hiyo lori lisije. Kama limekwisha ondoka, dereva amchukue yule wa fuvu, na kama huko stoo kuna mwingine mwenye ndevu nyekundu, amlete. Msumari wa Profesa ulikuwa umeanza kulegea. Nimempigilia wa pili.