Pikipiki Iliyopumzika Kiubavu

Kwa furaha kubwa, na kwa mamlaka iliyojipa yenyewe, Idara ya Usimamaji wa Vifaa vya Umma ilitangaza kwamba tangu ianzishwe, hakuna kifaa chochote cha umma kilichowahi kuanguka. Tangazo lilisomwa redioni asubuhi, likarudiwa kwa wale waliokuwa bafuni. Mheshimiwa Waziri mwenyewe angekuja kuikabidhi Idara cheti.

Asubuhi hiyohiyo, msomaji akiwa bado hajamaliza, pikipiki ya Idara ikaanguka puu getini.

Na pikipiki yenyewe, jamani, si hizi za kubebea abiria. Lilikuwa dude la kuongozea msafara wa Mkurugenzi, lina king'ora, taa za buluu, makasha ya chuma kila upande na injini kubwa kama jiko la hoteli. Mkurugenzi aliwahi kuletewa nyepesi, akaikataa akisema wepesi hauendani na hadhi. Vijana wa bodaboda waliokuwa na kijiwe chao nje ya geti waliiita Nyati. Aliyeiendesha alikuwa mwanamke mwembamba aliyetoka kijiweni hapohapo, mama wa watoto pacha, na kila mtu alimwita Mama Pacha. Alikuwa amefanya mtihani akapita kwa haki kabisa, na sasa kilibaki kipande kidogo tu cha majaribio ili athibitishwe kazini. Kwa mara ya kwanza tangu baba wa pacha aende dukani kununua vocha asirudi, alikuwa akilala usingizi wa kukoroma.

Basi siku hiyo alifika getini akiongoza gari la Mkurugenzi. Mlinzi, badala ya kuinua kizuizi, akainua mkono kupiga saluti, maana maelekezo yalisema saluti kwanza. Mama Pacha akabana breki ya mbele huku usukani umekata kona, akatoa mguu, mguu ukatua kwenye kokoto. Nyati akaegemea. Aliyewahi kupanda pikipiki nzito anajua: ikishavuka kiasi fulani hubishani nayo, unaiachia uokoe mguu wako. Akaiachia, akaruka pembeni.

Hakuumia. Akazima injini, akaipa pikipiki mgongo, akachuchumaa, akashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha kiti kwa mwingine, tayari kuiinua kinyumenyume kama wanavyofanya watu wote wa kazi hiyo.

"Usiguse!" Mkurugenzi alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Unaharibu ushahidi!"

Kabla ya chai ya saa nne waraka ulikuwa umetoka, umeandikwa na Mkurugenzi kwa mkono wake mwenyewe. Ulieleza kwamba pikipiki haikuanguka bali ilipumzika kiubavu. Ulielekeza pia kwamba aliyeiangusha atafutwe. Isiinuliwe na yeyote mpaka mhusika akiri hadharani, na akishakiri, palepale si mtumishi tena.

Mtu mwenye nongwa angeuliza, kama haikuanguka, mwangushaji anatoka wapi? Idara haikuwa na watu wenye nongwa. Ilikuwa na Katibu, bwana mmoja mwenye miwani aliyeamini kila kitu kilichopigwa muhuri, hata kama alikipiga yeye. Huyo ndiye aliyeongoza Kamati ya Uchunguzi, akamwita Mama Pacha chumbani, akamkalisha kwenye kiti kifupi kuliko vingine.

"Wakati kifaa kinapumzika, nani alikuwa juu yake?"

"Mimi, mzee."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeiangusha."

"Mimi nilishuka. Yenyewe ikaendelea."

Katibu akaandika, akapiga mstari chini ya *ikaendelea*. "Una kitu cha kukiri?"

"Sina, mzee."

"Basi itabaki palepale, na wewe utakaa nayo. Dereva haachi chombo chake."

Ikabaki, kweli. Siku zikapita, wiki zikapita. Nyati kalala katikati ya geti, wamemjengea turubai asinyeshewe, na Mama Pacha kakaa kwenye kigoda kando yake, amevaa helmeti, maana kikazi alikuwa barabarani. Magari hayakuweza kuingia. Wafanyakazi walipitia dirisha la jikoni, mmoja mmoja, wakishikana mikono, na mhasibu mkuu, ambaye mwili alijaliwa, alikwama pale mpaka akasukumwa na mpishi. Idara ikalitangaza dirisha hilo kuwa Lango Namba Mbili.

Kijiweni walikuwa hawana mbavu.

"Mama Pacha! Mgonjwa kaamkaje leo?"

"Kageuka upande?"

"Dada, tuseme tu ukweli, tuje watatu tuinue, tunywe chai?"

Mlinzi akawafokea kupitia kizuizi. "Marufuku! Asiye mtumishi haruhusiwi kugusa kifaa cha umma!"

"Sasa nyie watumishi mbona hamkigusi?"

"Na sisi pia hatukigusi!" akasema mlinzi kwa fahari.

Mama Pacha alicheka nao mchana, lakini akifika nyumbani kicheko kiliishia mlangoni. Aliogopa. Aliwatazama wanawe wakigombania blanketi, akawaza kurudi kijiweni akiwa na jina la yule aliyeangusha mali ya umma. Mama yake, aliyeishi nao, alimwekea chakula na swali lilelile.

"Umekiri?"

"Sijakiri, mama."

"Safi. Kula."

"Mama, wanasema nikikiri mambo yataisha."

"Yataisha kwao. Kwetu ndiyo yataanza. Hivi mwanangu, wewe unafikiri wanashindwa kuinua pikipiki? Wanatafuta mtu wa kuwekwa chini yake, basi."

Ukawadia ujio wa Mheshimiwa Waziri. Katibu akamkumbusha Mkurugenzi kwamba Waziri hawezi kupitishwa dirisha la jikoni, na kwamba cheti cha kutoanguka chochote kitakuwa na kasoro ndogo kikikabidhiwa mbele ya kilichoanguka. Mkurugenzi akatafakari, akaja na suluhisho la kiongozi. Pikipiki ingeinuliwa, lakini angeiinua yeye mwenyewe, mbele ya Waziri, kwa niaba ya mwangushaji atakayepatikana baadaye. Hiyo haikuwa kuinua. Ilikuwa kuzindua.

Siku yenyewe ikapambwa kwelikweli. Kipaza sauti, viti vya kitambaa, utepe mwekundu ukafungwa kwenye gurudumu la nyuma. Waziri akakata utepe. Mkurugenzi akavua koti, akampa Katibu alishike, akakunja mikono ya shati.

"Wapo wanaodhani kazi hii ni ya kila mtu," alisema kwenye kipaza sauti, akimtupia jicho Mama Pacha. "Leo mtaona mwanamume anavyosimamisha."

Akainama kama mtu anayeokota gunia, uso kwa uso na Nyati.

"Geuka, mzee! Mpe mgongo!" kijiwe kizima kikapiga kelele juu ya ukuta.

"Mgongo, mzee," mlinzi naye akanong'ona, kwa nidhamu.

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kugeuzwa na umma. Akavuta, mishipa ya shingo ikamsimama, na wallahi dude likaanza kunyanyuka. Likafika nusu. Watu wakapiga makofi. Mpiga picha akachuchumaa, akasema, "Mkurugenzi, huku!"

Mkurugenzi akaachia mkono mmoja apunge.

Nyati akarudi alikotoka, na safari hii hakurudi peke yake. Chuma cha pembeni kilizuia mguu usivunjike, lakini kilishindwa kuiokoa suruali, na Mkurugenzi akabaki kalala chali, mguu umebanwa, tai iko mdomoni.

"Inueni!" akapiga yowe. "Inueni, nyie!"

Watu wakakimbilia. Wa kwanza kufika alikuwa Katibu, akasimama mbele ya pikipiki, akatandaza mikono.

"Waraka!" akasema.

Wote wakasimama kama walivyo.

"Kuna nini hapo?" akauliza Waziri.

Katibu akausoma waraka wote, pamoja na tarehe na nakala zilikopelekwa. Waziri akasikiliza huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Waraka mzuri sana huu. Nani ameuandika?"

"Mheshimiwa, ni huyu hapa chini."

"Basi ufuatwe."

"Mama Pacha!" Mkurugenzi akalia. "Kiri! Kiri haraka, mama, nakuomba!"

Mama Pacha akaja akapiga goti kando yake. Alimwona jasho linavyomtiririka, na akamwonea huruma, kweli kabisa. Hakuna raha ya kumwona mtu mzima kabanwa namna ile. Midomo yake ikafunguka, na kidogo, kidogo sana, aseme. Kisha akawakumbuka wanawe na lile blanketi.

"Mkurugenzi, nikikiri, palepale mimi si mtumishi tena. Nitakuinuaje? Asiye mtumishi haruhusiwi kugusa kifaa."

Mlinzi akaitikia kwa kichwa. Hilo alikuwa akilisema kila siku.

"Basi akiri mtu mwingine!" Mkurugenzi akageukia kundi. Mhasibu mkuu akatazama mawingu. Mpishi akajikuna. "Haya! Haya, hii ya leo niliiangusha mimi, lakini ile ya kwanza ni ya huyu mwanamke! Andika hivyo! Ni mbili tofauti!"

Katibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa na masikitiko ya dhati.

"Mzee, kanuni haikubali. Kifaa hakikuwahi kusimama. Kilifika nusu. Kisichosimama hakiwezi kuanguka tena. Kwenye kumbukumbu za Idara pumziko ni moja tu, tangu siku ile hadi sasa hivi. Kwa hiyo na mwangushaji ni mmoja."

Petroli ilianza kudondoka taratibu kwenye soksi ya Mkurugenzi.

"Ni mimi," akasema kwa sauti ndogo.

"Hadharani, mzee," Katibu akamwinamishia kipaza sauti.

"Nimeiangusha mimi!" Maneno yakatoka kwenye spika zote, yakavuka ukuta hadi kijiweni, na kijiwe kikaripuka kwa vifijo.

Mama Pacha akageuka, akaipa Nyati mgongo, akachuchumaa, akarudi nyuma hatua kwa hatua, na pikipiki ikasimama kana kwamba ilikuwa ikisubiri kuombwa tu. Akaitia stendi. Machozi yakamtoka bila kutaka, akayafuta na glovu mbele ya watu wote.

Mkurugenzi akajikung'uta, akachukua koti lake, akalielekea gari. Dereva wake akaufunga mlango mbele yake, kwa adabu. Gari ni la watumishi. Ikabidi avuke barabara akiburuta suruali yake, hadi kijiweni.

"Karibu, mzee," wakamwambia, wakigombania kumpa helmeti. "Twende taratibu?"

Ndani ya geti sherehe iliendelea. Katibu alitangaza kwamba kwa kuwa mwangushaji amepatikana, Mama Pacha hana doa, na amethibitishwa kazini kuanzia dakika hiyo. Kisha Waziri akapokea shukrani za Idara, akakabidhi cheti cha kutoanguka chochote, akapiga hotuba ndefu juu ya kusimama imara. Alipomaliza akaitazama Nyati, jinsi ilivyong'aa juani, na macho yakamlegea.

"Nipigeni picha nikiwa juu yake," akasema. "Na muitoe hiyo stendi, nionekane nipo safarini."

Mhasibu mkuu akaanza kurudi kinyumenyume, mpishi akamfuata, mlinzi akainua mikono yote miwili juu ili ionekane. Mama Pacha alimkabidhi Mheshimiwa ufunguo kwa adabu zote, akamsaidia kupanda, akaondoa stendi alivyoagizwa, kisha akasogea mbali, mbali kabisa, hadi pale ambapo mashahidi wote wangeweza kuapa kwamba hakuwa karibu.

"Mbona mnanikimbia?" Waziri akauliza, huku mguu wake mmoja ukitafuta ardhi.

Katibu alikuwa ameshafungua kalamu.