Hisa Zangu na Mikeka ya Shemeji

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Ijumbi.
Shemeji Mujuni amekuja kutoka Miembeni kula ndizi zetu na kulia. Mkeka wake umechanika tena, timu moja tu imemwangusha. Nimemhurumia nusu saa nzima, kwa sauti. Nimemweleza kwamba kubeti ni kazi ya wasiotaka kufikiri. Mimi ni mwekezaji. Nina hisa za kampuni ya saruji! Akauliza kwa nini hiyo na si nyingine. Nikasema ni uchambuzi. Ukweli nilipenda nembo yao, lakini hayo si ya kumwambia mtu wa mikeka.

Jumatano, 8 Oktoba.
Hisa imepanda shilingi kumi na tano! Nimeangalia simu mara arobaini, kitaalamu. Tatizo ni mtaji. Mibuni imechanua kibanja kizima, nyeupe pe, na maua yamekaa tu bila kuzalisha kitu. Jovina, mke wangu, amekwisha sema kahawa ya mwakani ni ya bati, maana paa linavuja mpaka kitandani. Sawa. Nitamnunulia bati za rangi.

Alhamisi, 9 Oktoba.
Nimemuuzia Kamala, mlanguzi wa kahawa, kahawa yote ikiwa bado maua. Wanakijiji huita butura, na imekatazwa. Mimi naita mtaji. Bei yake ni matusi. Eti anayebahatisha ni yeye, jua likizidi maua yatadondoka. Mcheza kamari mwingine! Fedha zote zimeingia kwenye hisa kabla Jovina hajarudi kutoka sala za jumuiya.

Ijumaa, 10 Oktoba.
Imeshuka. Wataalamu hatuuzi kwa hofu.

Jumatatu, 13 Oktoba.
Imeshuka zaidi. Mujuni yupo. Tumekaa benchi moja, kila mtu na simu yake, yeye akiomba timu isawazishe, mimi nikiomba saruji. Yangu ni sala ya kiuchumi.

Jumatano, 15 Oktoba.
Nimeuza zote kwa hofu. Mchana zikapanda! Jioni Kamala akaja kuhesabu mibuni, Jovina akamuuliza anahesabu nini. Nilikuwa nyuma ya migomba. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu: "Baba Derick, wewe na kaka yangu mnatazama simu kwa uso mmoja. Ila yeye anacheza na fedha yake." Nimeona aibu. Kweli kabisa, mpaka chakula kilipoiva.

Jumamosi, 18 Oktoba.
Mkeka wa Mujuni umetiki! Amemshushia dada yake bati thelathini. Jovina amelia kwa furaha. Fundi anakuja Jumatatu. Nimempongeza shemeji na kumkumbusha kwamba bahati si akili.

Jumapili, 19 Oktoba.
Baada ya misa mwenye duka la vifaa ameniambia bati zimepanda elfu mbili kila moja. Tangu jana! Hakuna hisa inayokwenda hivyo. Ukiziezeka sasa, faida yote umeigongelea misumari. Nimempigia fundi asije kesho. Jovina bado hajui. Mvua imeanza, nimemwekea beseni upande wake wa kitanda.