Raundi ya Tatu Soko la Mbuzi

Jumatano, 3 Septemba 2025

Niko huru! Mkataba wangu na timu ya kikapu ya Ibra, hapa Oman, umekwisha. Miaka arubaini na moja si uzee, ni uzoefu. Asubuhi kapiga simu kocha Hamoud wa Nizwa: nafasi ipo, lakini nitaanzia benchi. Mchana kapiga Marzouq, kocha wa Sur. Benchi vilevile! Mimi niliyewafunga wote wawili walipokuwa wakicheza. Natamani sana kujua nani ananitaka zaidi.

Hamoud nikamwambia Sur wameniahidi kuanza kila mechi. Marzouq nikamwambia Nizwa wameniahidi unahodha. Mama, Bi Mabruka, kayasikia yote kutoka jikoni. Kasema nishike timu moja haraka, kabla ubovu wa goti langu haujajulikana. Mama hajui biashara.

Alhamisi, 4 Septemba

Wazo! Shemeji yangu Hamdun ni dalali wa mbuzi, soko la Ijumaa, Nizwa. Mbuzi huzungushwa duara, wanunuzi wamechutama pembeni. Mmoja akimtupia jicho mbuzi, jirani yake naye anamtaka. Mbuzi yuleyule! Nimewaalika makocha wote wawili sokoni kesho, kila mmoja kwa siri. Marzouq atatoka Sur alfajiri, masikini.

Goti la kushoto linavuta kidogo. Nimelipaka mafuta ya karafuu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimezunguka nyuma ya mbuzi, kanzu imepigwa pasi, kichwa juu. Hamoud kaniita: haya, nitaanza kila mechi. Nikamwambia nitafikiri. Raundi ya pili kaniita Marzouq: haya, unahodha. Nikamwambia nitafikiri. Raha iliyoje! Nikaanza ya tatu. Goti likagoma, nikawa nachechemea. Hamdun kaninong'oneza.

"Shemeji, hapa mnyama akizunguka mara ya tatu hajauzwa, watu huanza kuuliza ana ugonjwa gani."

Nikamjibu mimi si mbuzi. Kugeuka, Hamoud na Marzouq wamekaa pamoja wanakunywa kahawa, macho kwenye goti langu. Wakacheka. Wanacheka nini? Wakaondoka bila kuniaga. Sijala mchana kwa kutaka kujua.

Jumamosi, 6 Septemba

Simu kimya. Hamdun kanieleza: pale kwenye kahawa walilinganisha maneno yangu, wakakuta ahadi zote nimezitunga mwenyewe. Nikapiga Ibra. Nafasi yangu keshapewa Tamim, ambaye nilimfundisha mimi kurusha.

Naogopa. Bila kikapu mimi ni nani hapa Birkat al Mauz? Mtu mrefu anayekata ndizi bila ngazi.

Jumapili, 7 Septemba

Mama kampigia shangazi yake Hamoud. Wamekua mtaa mmoja Unguja, hawanyimani kitu. Baada ya magharibi Hamoud kapiga: benchi, bila masharti, na anataka jibu leo hii. Mama kanisimamia mbele.

"Sema ndiyo, mwanangu. Wallahi simpigii mtu tena."

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kweli. Lakini mbona karudi upesi hivi? Lazima Sur bado wananitaka!

Nikamwambia nitafikiri. Kakata simu. Mama kaingia chumbani, kafunga mlango.

Ijumaa narudi sokoni. Safari hii makocha nitawakalisha upande mmoja, nami nizunguke kinyume, goti bovu liwaelekee mbuzi.