Maelezo Yangu ya Siri Yaliyosomwa Uani kwa Bi Rehema

Leo sina pa kuuweka uso. Naandika haya nikiwa ndani ya neti, mchana kweupe, na sitoki mpaka watu wote wa mtaa wetu wa Muyeye wahame.

Mnaonijua mwajua, mimi nina haya. Si haya ya kujipendekeza. Ni haya ya kuvuka barabara nikimwona mtu ninayemjua. Tatizo langu kubwa ni salamu. Kwetu salamu si neno moja. Ukishasema shikamoo, unatakiwa uulize mgonjwa, mtoto aliye masomoni na mbuzi aliyepotea, na ukisahau mmoja unaambiwa una maringo. Mimi nikisimama mbele ya mtu mzima, kichwani hamna kitu.

Kwa hiyo nilibuni njia. Kwenye simu, kadi ya kila mtu ina jina, namba, na chini kabisa sehemu ya maelezo ambayo hakuna anayeitumia. Mimi naitumia. Humo naandika cha kumuuliza mtu na cha kutomuuliza. Mtu akitokea, najifanya natazama saa kwenye simu, nasoma, nasalimia. Miaka miwili hakuna aliyegundua.

Sasa, mama yangu ni katibu wa kikundi cha kina mama kinachokodisha viti na masufuria ya harusi na matanga. Wiki iliyopita daftari la namba za wanachama lilitumbukia kwenye karai la mchuzi wa papa. Simu ya mama ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, haiweki watu wengi, na namba zote za kikundi ziko kwangu. Bi Rehema, mwenyekiti, akataka orodha mpya iliyochapishwa, kila mama apate nakala.

Mama akaniambia, "Si wasema wajua kompyuta? Haya, tuone."

Nilijua anamaanisha nini. Likizo hii kuna mafunzo ya programu Kilifi, wiki mbili, nami nayataka kuliko nguo za sikukuu. Pa kulala ni mahali pamoja tu, kwa binti yake Bi Rehema. Bi Rehema akiridhika na kazi yangu, nakwenda. Asiporidhika, nashinda likizo nikisugua masufuria ya kikundi.

Ningeweza kunakili kwa mkono. Wanachama ni ishirini na wawili tu. (Mtu mwenye akili timamu angefanya hivyo.) Mimi nikataka kuonyesha. Simu hutoa kadi zote zikiwa faili moja refu lisilosomeka vizuri. Juzi, kwenye kompyuta ya chama chetu cha programu shuleni, niliazima maktaba ya lugha ya Python, yaani msimbo ulioandikwa na watu wengine, unaojua kuzisoma kadi hizo. Mimi niliandika mistari kumi na mmoja tu ya kuzigeuza ziwe jedwali. Mstari wa saba ulisema: kila kilichomo ndani ya kadi, kipe safu yake.

Kila kilichomo.

Nikajaribu na kadi tatu za kwanza. Zikatoka safi, jina na namba, basi. Nikajipongeza. Sikukumbuka kwamba tatu za kwanza ni mama, shangazi na mama mdogo, watu ninaoongea nao bila kusoma popote.

Leo asubuhi nimepeleka faili saiba, kwenye duka la kompyuta, likachapishwe. Dada wa pale akauliza bila kuinua macho, "Karatasi isimame ama ilale?"

"Yoyote."

"Safu zote zienee?"

"Ndiyo."

(Laiti ningeuliza zote ni ngapi. Lakini kuuliza ni kuongea.) Akabana nakala, akazitia kwenye bahasha, nikaondoka mbio.

Saa nane mkutano ukaanza uani kwa Bi Rehema. Mama akagawa nakala huku ananitazama kwa fahari. Maandishi yalikuwa madogo na miwani ilikuwa michache, basi ikaamuliwa Bi Mwanahamisi asome kwa sauti, kila mtu ahakikishe namba yake. Bi Mwanahamisi ndiye huita watu wakale harusini. Hajawahi kuhitaji kipaza sauti.

Akasoma mama, shangazi, mama mdogo. Vichwa vikatikisika, sawa, sawa.

"Mama Kadzo," akasoma, na namba yake. Kisha akaisogeza karatasi karibu. "Muulize goti la kushoto. Usiulize habari za kwao Ganze, hamalizi."

Nikaanza kutafuta mlango kwa macho.

Watu wakatazamana. Bi Mwanahamisi hakusita, maana yeye akipewa kitu asome, husoma. "Bi Mwanahamisi. Ndiye mimi. Akipiga, weka simu mbali na sikio." Akainua macho. "Kwa nini?" akauliza, na kunguru wakaruka kutoka kwenye bati.

Nilitaka kusema ni hitilafu. Mama akanyoosha mkono aichukue ile karatasi, akachelewa.

"Bi Rehema, mwenyekiti. Shikamoo mara mbili, ya kwanza hasikii. Sifu leso. Biriani yake: sema umeshiba, tena mapema. Paka wake pia haili."

Katikati ya mkeka palikuwa na sinia la biriani, limefunikwa kawa.

Aliyeanza kusema ni Mama Kadzo. "Mimi goti ni la kulia," akasema. "Rekebisha."

Basi kikapasuka kicheko. Huyu kashika ukuta, yule adai, "Nisomee na mimi, nimeandikwa nini?" Mama Tabu, aliyejiunga mwezi jana, alikasirika kwelikweli kwa sababu pake palikuwa patupu. "Yaani mimi sina hata ugonjwa?"

Bi Rehema hakucheka. Alininyooshea kidole. "Wewe. Njoo."

Nikaenda. Hatua sita.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba."

"Shikamoo, Bi."

"Ya kwanza nimeisikia."

Mama akajifunika uso kwa leso. Sijui alikuwa analia au vipi, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

"Paka yupi?" akauliza Bi Rehema.

"Mweupe, Bi."

"Na yule wa kijivu?"

Nikafikiria. "Huyo sijamwona akijaribu."

Akaitazama orodha, upande ule wa namba, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, polepole. "Namba zote ni sawa," akasema. "Za daftari hazikuwa sawa hivi." Akaikunja karatasi, akaitia kifuani. "Utakwenda Kilifi. Utalala kwa binti yangu kama tulivyosema."

Nikainama nimbusu mkono.

"Kupika biriani nilimfundisha mimi," akaongeza. "Atakupikia kila siku."

Kisha akafunua kawa, akanipakulia sahani. Imejaa. Kina mama wote wakanitazama nikila. Yule paka mweupe akaja, akanusa, akanitazama kwa huruma, akaenda zake.

Naomba msicheke. Atakayecheka, namba yake ninayo, na sehemu ya maelezo bado ina nafasi.